Vijiti 40 vya Kanga

Kanga alikuwa na vibaba 10 vya mtama. Sita vilikuwa vya kumvusha yeye na vifaranga wake mpaka mvua za vuli. Vinne alivibeba mpaka chini ya mkwaju mkubwa, alipokuwa amekaa Ngedere na kapu lake. Kanga hakuwa mlafi. Wanawe walikuwa wakidonoa majivu ya moto wa nyika kwa kukosa chumvi, na Ngedere alikuwa amelitangazia bonde zima kwamba chumvi imo ndani ya Kilima cha Pimbi, inangoja wa kuichimba. Kibaba kimoja kingempa mtoaji vijiti 10 vyenye alama ya jino, na kila kijiti ni hisa moja ya kampuni ya Ngedere na ya chumvi yote itakayotoka. Kanga alihesabiwa vijiti 40. Akavifunga kwa ukili, akavifukia chini ya kiota chake.

Jioni ile aliwaambia wanawe, "Tumenunua sehemu ya kilima." Aliamini kila neno la kauli hiyo, na alikuwa na haki ya kuamini.

Hakuwa peke yake. Digidigi alitoa vibaba 6. Mzee Kobe alitoa 30, akiba yake ya uzeeni. Pimbi, ambao kilima ni kwao tangu enzi, waliambiwa wahamie upande wa kivulini mpaka kazi iishe. Watoaji wadogo wote kwa pamoja walileta vibaba 600 wakachukua vijiti 6,000. Vijiti vingine 4,000 Ngedere aligawana na ndugu zake wawili, kwa kuwa wazo lilikuwa lao. Jambo hilo lilisemwa waziwazi siku ya kwanza, na hakuna aliyeuliza.

Kwa nini walimwamini? Kwa sababu ya Kitum. Katika Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, liko pango lenye jina hilo, na tembo wa kweli, si wa hekaya, huingia humo gizani wakapapasa njia kwa mikonga na kumegua kuta kwa pembe ili walambe chumvi ya mwamba. Kila mnyama wa bonde alikuwa amesikia habari zake tangu utotoni. Ngedere alisimama juu ya mzizi akasema, "Kilima chetu kiko mwendo wa siku 2 tu kutoka Kitum, na mwamba ni ule ule." Maneno yalikuwa kweli tupu. Lakini yalimhusu Tembo na mlima wake, hayakuwa na habari yoyote ya kilichomo ndani ya Kilima cha Pimbi. Kila anayekata eneo la utafiti karibu na mgodi mkubwa huanza na maneno haya, na kila mara msikilizaji hujaza mwenyewe pengo lililobaki.

Kazi ya kuchimba alipewa Muhanga pamoja na fuko 20. Huyu Muhanga alikuwa fundi wa kweli. Pua yake iliijua ardhi, na alikuwa na desturi moja ambayo nitairudia baadaye: kila jiwe alilolitoa alilipasua katikati, nusu akaionja, nusu akaiweka pangoni pake na kuitia alama ya shimo na kina.

Shimo la kwanza lilifika pima 22, likatoka udongo mwekundu. Muhanga alipanda juu, akajikung'uta vumbi, akasema, "Hapa hamna." Hakuna aliyelalamika. Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu wenye hisa wadogo husingiziwa kwamba hawaelewi hatari. Wanaielewa. Anayelima mahindi kwa kutegemea mvua anajua kupoteza mbegu kulivyo. Wanyama walitazama shimo tupu, wakarudi makwao, wakasubiri la pili.

La pili lilifika pima 40, na huko chini Muhanga akakuta chumvi. Unene wake ulikuwa pima 3, nyeupe yenye kijivu, ya kulambika. Alipotoka alimwambia Ngedere maneno haya: "Ipo. Lakini ipo chini sana, na sijui inaelekea wapi. Nipe nafasi nichimbe mashimo mengine 10 kuzunguka hili, ndipo tuseme." Hondohondo, mpiga mbiu wa kampuni, alikuwa juu ya tawi akisikiliza. Kabla jua halijazama, bonde lote lilikuwa linavuma: "Pima 3 za chumvi! Pima 3 za chumvi!" Pima 40 za udongo na mwamba zilizolala juu yake hazikutajwa. Wala mashimo 10 ambayo hayajachimbwa.

Juma lile kijiti kimoja kilinunuliwa kwa kibaba kizima. Mzigo mdogo wa Kanga ulikuwa na thamani ya vibaba 40, mara kumi ya mtama aliotoa. Nguchiro aliuza vyake vyote siku ile ile, akatukanwa kwa kukosa imani. Kanga hakuuza. Wengi watamcheka hapo. Mimi siwezi. Alikuwa ameambiwa chumvi imepatikana, naye alikuwa ametoa mtama kwa ajili ya chumvi. Auze kwa nini siku ambayo alichokitafuta kimeonekana?

Kuonekana ni jambo moja, kufika chunguni ni jingine, na kati ya hayo mawili pana miaka. Huko Ngara, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, nikeli ya Kabanga inajulikana tangu miaka ya 1970. Imepita mikononi mwa kampuni baada ya kampuni, na mwaka 2024 mgodi ulikuwa bado haujaanza kuzalisha. Na huko Windarra, Australia Magharibi, kampuni ndogo iitwayo Poseidon ilikuta nikeli mwaka 1969. Mwanzoni mwa Septemba hisa yake ilikuwa chini ya dola moja. Februari 1970 ikafika dola 280. Watu wa kawaida waliinunua hata ilipokuwa juu kabisa. Nikeli ilikuwapo kweli. Ila haikuwa bora kama ilivyodhaniwa, mgodi ulianza kazi mwaka 1974 bei ikiwa imekwisha kushuka, na mwaka 1976 kampuni ikawekwa chini ya mfilisi. Waliouza mapema walitajirika kwa mtama wa waliochelewa kununua. Kinachouma katika kisa cha Poseidon ni kwamba hapakuhitajika uongo mkubwa. Ulitosha ukweli nusu, ukapigiwa mbiu kwa sauti kubwa.

Narudi bondeni. Mashimo 10 ya Muhanga hayakuchimbwa. Lilichimbwa moja tu, la tatu, nalo lilikomea njiani pima 18, kwa sababu mtama ulikuwa umekwisha. Fuko waliweka chini majembe yao. Mbiu ikawa, "Kazi imesimama kwa muda ili kupanga awamu ijayo." Bei ikaanza kuteremka, mpaka kibaba kimoja kikawa kinanunua vijiti 5.

Hapo ndipo Ngedere alipokwenda kwa Buku.

Buku ni panya mkubwa kuliko panya wote wa bonde, na ghala zake hazijui kiangazi. Wazee husema panya huuma akipuliza, usisikie jino mpaka kucha. Buku alimpokea Ngedere kwa upole. Akampa vibaba 500, avirudishe 600 baada ya miezi 6. Hakutaka rehani, hakutaka mdhamini. Aliomba sharti moja tu liandikwe: muda ukipita bila malipo, ataruhusiwa kuchukua vijiti vipya badala ya mtama, kidogo kidogo, apendavyo, na kila mara vihesabiwe kwa bei ya chini kabisa ya gulio katika siku 10 zilizotangulia, kisha apunguziwe sehemu moja katika tano. Ngedere aliweka alama ya kidole. Hondohondo alitangaza kwamba kampuni imepata mshirika mwenye nguvu anayekiamini kilima.

Msomaji, kaa na sharti hili kidogo, maana limefukarisha watu wengi katika masoko ya hisa ya dunia, hasa katika kampuni ndogo za utafutaji madini ambazo hazina mapato na benki haziziangalii. Mkopeshaji wa kawaida huomba kampuni isitawi ili imlipe. Mkopeshaji wa namna ya Buku hapotezi bei ikianguka. Ikianguka, anapewa vijiti vingi zaidi kwa deni lile lile.

Miezi 6 ilipita. Muhanga alikuwa hajapewa hata kibaba cha kuendeleza shimo la tatu. Buku akaja gulioni kwa adabu zake, akageuza sehemu ya kwanza ya deni, vibaba 80. Kwa bei ya vijiti 5 kwa kibaba, na punguzo lake, alipata vijiti 500. Akavimwaga sokoni siku hiyo hiyo. Bei ikaanguka hadi vijiti 10 kwa kibaba. Akageuza vibaba 80 vingine: safari hii alipata vijiti 1,000. Akavimwaga. Bei ikawa vijiti 20 kwa kibaba. Vibaba 80 vya tatu vikampa vijiti 2,000. Deni halikuongezeka hata punje moja, na kila hatua mzigo wake ulizidi mara mbili. Kwelea walikuja kwa makundi wakinunua, kwa sababu vijiti vilikuwa rahisi na Hondohondo alikuwa bado anaita. Baadaye Buku hakuhitaji hata kuuza. Kila aliyemwona akija gulioni aliharakisha kuviondoa vyake, na bei ikajiangusha yenyewe, naye akaanza kulimbikiza.

Vibaba vyote 600 vilipokwisha kugeuzwa, vijiti vilivyokuwa 10,000 vilikuwa vimefika 105,500. Zaidi ya nusu, 60,000, vilikuwa ghalani kwa Buku. Vya Kanga vilikuwa bado 40 kamili, hakuna kilichoibwa. Lakini siku ya kwanza vilikuwa sehemu moja kati ya 250 za kilima, na sasa vilikuwa chini ya sehemu moja kati ya 2,600. Hivi ndivyo mali ya mdogo inavyoondoka bila mwizi kuingia ndani: idadi aliyoshika haibadiliki, kinachobadilika ni idadi iliyo nje, ambako haangalii na wala hajaulizwa.

Katika miezi hiyo Kanga alikwenda kwa Ngedere mara 4. Mara ya kwanza alipokewa na ndugu mdogo, akaambiwa bwana yuko safarini anatafuta wafadhili. Mara ya pili aliambiwa mashauriano yanaendelea na kwa sasa hayawezi kusemwa. Mara ya tatu Ngedere mwenyewe alitoka, akamshika bawa, akasema, "Subira yavuta heri, mama." Mara ya nne hakufunguliwa. Methali ile ni ya wazee wetu na ni nzuri, na ilinichoma kuisikia ikigeuzwa komeo la mlango. Kuombwa subira na mtu anayelipwa kila mwezi, nawe hulipwi, si kuombwa subira. Ni kuambiwa uondoke.

Baada ya hapo Kanga aliacha kwenda gulioni. Hakuwa akikwepa bei, alikuwa akikwepa macho. Wanawe walimwuliza kilima kiko wapi, akawa hana la kusema. Aibu hii haiandikwi katika hesabu za kampuni yoyote, lakini ndiyo inayowanyamazisha wenye hisa wadogo kuliko sheria yoyote. Mtu hawezi kudai huku akijiona mjinga. Na kumbe ujinga haukuwa wake. Alikuwa amenyimwa habari, basi.

Aliyeanza kutembea ni Kobe. Sheria ya bonde ilisema kwamba wenye kijiti kimoja katika kila 20 wakikusanyika, wanaweza kuilazimisha kampuni iitishe mkutano na kufungua daftari. Hata katika ulimwengu wa watu iko hivyo: Uingereza na Australia, ambako kampuni nyingi za namna hii zimeorodhesha hisa zao, sheria inawapa wenye asilimia 5 haki ya kulazimisha mkutano uitishwe. Kati ya vijiti 105,500, Kobe alihitaji 5,275. Alikwenda pango kwa pango. Hapa alikuta aliyekwisha kuuza kwa kwelea, pale alikuta aliyevitumia kuwashia moto, kwingine alifukuzwa kwa matusi kana kwamba yeye ndiye Ngedere. Mwezi mzima alitembea. Alipohesabu alikuwa na vijiti 5,240.

Tusisahau kwamba siku ya kwanza wadogo hawa walikuwa na 6,000 kati ya 10,000. Walikuwa wengi. Wangeweza kukataa mkataba wa Buku kwa kuinua mabawa na kwato tu. Hakuna aliyewaambia kwamba wana nguvu hiyo, nao hawakuuliza, na katika kisa hiki kizima hilo ndilo linalonisikitisha zaidi. Sasa walikuwa wakitafuta vijiti 35 ili wapate ruhusa ya kuuliza swali.

Kobe alifika kwa Kanga jua likizama. Hakumweleza mengi. Alisema, "Mwanangu, vimepungua 35." Kanga alikaa kimya. Kisha akafukua chini ya kiota, akatoa mafungu yake yaliyofungwa kwa ukili ule ule. "Viko 40, Mzee. Sijavigusa."

Mkutano ukaitishwa.

Ulifanyika chini ya mkwaju, asubuhi. Kwelea hawakuja, walikuwa wameruka kwenda mashamba mengine. Buku alikaa pembeni akisugua masharubu. Daftari lilisomwa na Nyani, mkaguzi wa hesabu, ambaye mama yake na mama wa Ngedere ni ndugu. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya kesi ya ngedere ikiamuliwa na nyani, lakini sheria ya bonde ilimlazimu asome kila mstari kwa sauti, naye akasoma.

Vibaba vilivyoingia, 600 vya wadogo na 500 vya Buku, jumla 1,100. Vilivyotoka: posho ya Ngedere na ndugu zake wawili, vibaba 15 kila mwezi kwa miezi 24, jumla 360. Hondohondo, 160. Safari za kutafuta wafadhili, 120. Waliomleta Buku, 100. Mkaguzi, 50. Uchimbaji wa mashimo yote matatu, 310.

Kobe alinyosha shingo. "Rudia la mwisho."

"310."

"Kwa hiyo katika kila vibaba 11 vilivyokusanywa, vilivyoingia ardhini ni 3 na ushei."

Hakuna aliyejibu. Fuko mmoja, mzee, akasema kutoka nyuma kwamba wenzake bado wanadai ujira wa miezi 3 ya shimo la tatu. Nyani akafunua kurasa, akakiri kwamba deni hilo halikuwa limeandikwa.

Ndipo Kobe akauliza swali ambalo kila mwenye hisa wa kampuni ya utafutaji angepaswa kuliuliza mwaka wa kwanza: "Mawe yako wapi?" Minong'ono ikaanza, maana wengi walikuwa wamekwisha kuamini kwamba hapakuwa na chumvi tangu mwanzo. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Huko Busang, Kalimantan, nchini Indonesia, kampuni ya Bre-X ya Calgary, Kanada, ilidai miaka ya 1990 kuwa imepata dhahabu nyingi kuliko karibu kila mtu duniani. Badala ya kupasua mawe ya sampuli na kuhifadhi nusu, ilikuwa ikiyatwanga yote, na dhahabu ya mtoni ilikuwa inanyunyizwa katika unga. Thamani ya kampuni ilipita dola bilioni 6 za Kanada. Machi 1997 mtaalamu wake mmoja alianguka kutoka kwenye helikopta juu ya msitu. Mei mwaka huo wakaguzi wa nje walisema hapana dhahabu ya kuchimbwa pale. Mifuko ya pensheni ya walimu wa Ontario na ya wafanyakazi wa Quebec ilikuwa miongoni mwa waliopoteza. Baada ya kilio hicho Kanada ilitunga kanuni mpya, zilizoanza kutumika mwaka 2001, za kulazimisha kila taarifa ya madini ipitie mikononi mwa mtaalamu anayewajibika kwa jina lake.

Muhanga hakuwa kama hao wa Busang. Aliondoka kimya, akarudi akikokota ngozi iliyojaa mawe, kila moja nusu, kila moja na alama ya shimo na kina. Akayapanga mbele ya mkutano. Wanyama wakaja mmoja mmoja kulamba. Digidigi alilamba, machozi yakamtoka. Ilikuwa chumvi. Ilikuwapo muda wote, pima 40 chini, na Muhanga alikuwa ameomba mashimo 10 akapewa moja lililokatwa njiani.

Hukumu yangu ni hii, na ninaitoa bila kumung'unya. Kampuni ile haikuangushwa na ardhi. Iliangushwa na walioketi juu yake, waliolipa sauti na safari kwanza na shimo mwisho, kisha wakaweka jina la wadogo chini ya mkataba ambao wadogo hawakuonyeshwa. Kushindwa kupata chumvi kungesameheka, kama shimo la kwanza lilivyosamehewa. Kuikuta chumvi na kuipoteza mezani hakusameheki.

Lakini mkutano haukuisha hapo. Ngedere alikuwa na hoja mbili zake. Ya kwanza, kwa kuwa vijiti vimekuwa vingi mno na bei yake inatia aibu, kila vijiti 50 vifungwe kuwa kimoja. Ya pili, kampuni ikope kwa Buku vibaba 300 vingine, na safari hii kilima chenyewe kiwe rehani. Kobe alizungumza kinyume, akazungumza vizuri. Kura zikahesabiwa. Waliokataa walikuwa na vijiti 5,280. Buku aliinua mkono mmoja wenye 60,000.

Jioni ndugu wawili wa Ngedere walikaa na bunda la ukili wakifunga mafungu ya 50 na kutoa kijiti kipya kwa kila fungu. Kobe alipewa 6. Digidigi, aliyekuwa na 60, alipewa 1 na kumi vyake vikatupwa pembeni. Zamu ya Kanga ikafika.

"40," alisema aliyehesabu. "Vinapungua 10."

"Nitavitafuta kesho."

"Daftari limefungwa leo. Visivyofika 50 haviandikwi."

Kanga aliuliza kama anaweza kurudi navyo nyumbani. Akaambiwa anaweza, havina kazi tena. Vijiti vile vile vilivyouita mkutano ule havikutosha kumwacha ndani ya kampuni.

Yaliyofuata ni mafupi. Vibaba 300 vilitumika kama vya mwanzo. Miezi 6 ikapita bila malipo, Buku akachukua kilima kwa hati halali, na kabla ya masika akamwuzia Tembo wa Elgon, pamoja na mawe ya Muhanga yenye alama zake. Tembo hakuhitaji kutafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye shimo la pili, akalipanua kwa pembe na nguvu za kabila lake, na chumvi ikatoka. Ngedere aliondoka bondeni, na wasafiri wanasema ameonekana ng'ambo ya mto, chini ya mbuyu, akiwa na kapu jipya. Fuko hawajalipwa ujira wa miezi 3. Pimbi wangali upande wa kivulini.

Leo chumvi ya Kilima cha Pimbi inauzwa gulioni, donge moja kwa kibaba kimoja. Kanga huinunua kila mwisho wa mavuno, kwa sababu vifaranga wanaihitaji. Hupanga foleni na wengine, hulipa kama wengine, na donge analobeba limetoka katika shimo lililochimbwa kwa mtama wake.